Kulabu za Gari la Reverien

Gereji ya Njia Panda,
S.L.P. 118,
Kasulu.

17 Novemba 2024

Mpendwa Dada Vestina,

Amahoro, dada yangu. Naomba karatasi hii ikufikie huko Masasi ukiwa mzima, shemeji mgongo umemwachia, na wanafunzi wako hawajakumaliza sauti. Korosho zimeanza kuanguka? Zile ulizotutumia mwaka juzi Mama alizificha chini ya mto akidhani hatujui, na sisi tukawa tunaziiba akidhani haziishi.

Huku tupo. Nikisema hatujambo nitakuwa nimekudanganya, na uongo ndio hasa ulionikalisha hapa leo baada ya ibada, na kalamu mkononi kama mtoto wa shule.

Mama jicho la kulia linaona, la kushoto bado. Anamtambua mtu kwa mwendo wake kabla hajabisha hodi. Mvua zimewahi mwaka huu, maharage yameshachipua, na njia ya Nyakitonto imeanza kulainika kama uji. Mwanangu Josué ameng'oka meno mawili ya mbele, anazungumza kwa kupuliza. Mke wangu Prudence anakusalimu. Kila nikikaa kula ananiambia kwa Kiswahili chake cha kambi ya Nyarugusu, "Weye unakondaka tu, ugali yangu inaendaka wapi?" Mimi namsogezea Josué sahani.

Baba mdogo Leonidasi ametangaza siku ya kuganduka. Ni Jumamosi, tarehe 14 Desemba. Siku hiyo tutamaliza kilio cha kaka yetu Reverien, Esteri atavua kitambaa cha ujane, na vitu vyote vilivyopumzishwa vitaruhusiwa kufanya kazi tena. Unajua Esteri alivyo. Tangu tulipomzika mume wake, ile Prado aliyokuwa akibebea abiria imekaa nyuma ya nyumba juu ya matofali, na kila aliyekuja kuikodi alirudishwa mlangoni. "Sisi wenyewe bado tuko kwenye kilio," alikuwa akiwaambia, "gari litoke liende wapi?"

Shule zitakuwa zimefungwa. Nakuomba uje. Hukuwahi maziko, na kaburi hujaliona. Lakini kabla hujakata tiketi, kuna jambo ni lazima ulijue, ili uamue mwenyewe kama unataka kuniona.

Siku ya maziko ulinipigia simu ukaniuliza, "Ndiho, ni nini hasa kilikatika?" Nikakwambia mtandao unasumbua, sikusikii. Dada, mtandao ulikuwa mzuri. Nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya kanisa na nilikusikia mpaka pumzi. Umeniuliza tena mara mbili baada ya hapo, na mara zote mbili nimekutajia mtandao.

Watu walikuambia waya wa kuvutia gari ulikatika. Waya haukukatika. Khamisi, dereva wa lori la ndizi aliyekuwa akimvuta Reverien, bado anao hadi leo, mzima.

Haya magari yanayotoka Japani huja na vitanzi viwili vya chuma chini ya bampa ya mbele. Vimewekwa kwa ajili ya kulifunga gari ndani ya meli lisiteleze, basi. Havikuwekwa kwa kuvutia. Kulabu za kuvutia ni kitu kingine, ni nene, zinafungwa kwa bolti kwenye chesisi yenyewe. Lakini huku kwetu, gari likikwama, mtu anainama, anaona kitanzi, anafunga waya. Mimi mwenyewe nimefunga hapo mara nyingi kuliko nywele zangu zilizobaki. Kwa kuwa vilikuwa havijang'oka, niliamini having'oki.

Reverien alikuja kujua. Dereva mmoja wa shirika kule kambi ya Nduta alimwonyesha gari lake, akamwambia vile vitanzi ni vya meli. Akaja gereji kuniomba nimfungie kulabu za kweli. Nikamwambia si lazima. Akaja mara ya pili, nikamwambia nina kazi. Mara ya tatu ilikuwa mwishoni mwa Januari. Nilikuwa chini ya gari la mtu, jasho na vumbi machoni, na wateja wanne wamekaa kwenye benchi. Nikamjibu palepale chini, bila hata kutoa kichwa:

"Kaka, wewe endesha, ufundi niachie mimi. Hivyo vitanzi ndivyo kulabu zenyewe. Au ulidhani gari limevaa hereni?"

Wateja wakacheka. Yeye akacheka pia. Nikaona miguu yake ikisimama kidogo, halafu ikaondoka. Nilifurahi, dada. Nilijiona fundi.

Tarehe 12 Machi alikwama kwenye mteremko wa Nyakitonto, matairi yakazama mpaka ekseli. Mengine nimeyapata kwa Khamisi, na nimemwuliza mara nyingi mpaka ameanza kunikwepa sokoni. Reverien aliwashusha abiria wote akawafukuza hadi ndani ya shamba la mihogo, wasikae karibu na waya. Akamwomba abiria mmoja ashike usukani. Yeye mwenyewe akaenda kusimama kando ya mlango wa lori ili ampe Khamisi ishara, maana Khamisi alikuwa haoni nyuma. Khamisi akakanyaga mafuta. Kitanzi cha kulia kikang'oka kikafuata waya, kikampiga kifuani. Alikata roho pale pale kwenye tope. Waliowekwa mbali wote walipona.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye nisiyesikia, na aliyevunjika ni yeye.

Mchungaji alisema ni mipango ya Mungu. Nilikuwa nimeshika jeneza upande wa mbele, na nilitamani kusimama pale pale niseme hapana, Mungu tumwache, ni mipango yangu. Badala yake nikaendelea kubeba jeneza. Nimekula matanga, nimepokea pole za watu, nimeshikwa mkono na watu wazima waliokuja kwa miguu kutoka Kibondo. Miezi minane sasa.

Wiki tatu zilizopita Esteri aliniita. Anataka gari lianze kazi baada ya kuganduka, kaka yake Niyomwungere ataliendesha, watoto wapate ada na nyumba ipate chumvi. Akasema anataka lifungwe kulabu mbele. Njiani nikajipanga kumwambia kila kitu. Nilikuwa nimeyapanga maneno kama spana kwenye mkeka.

Sikupata nafasi ya kuyatoa. Nilipoketi tu, aliingia chumbani akarudi na kifurushi kimezungushiwa fulana ya bluu ya Reverien, ile yenye kola iliyokatika. Akakiweka mapajani mwangu. Kilikuwa kizito. Ndani mna kulabu mbili nyekundu, nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, na bolti nne mpya zenye namba kumi nukta tisa kichwani. Hizo ndizo bolti ngumu. Mtu aliyezichagua aliuliza kwanza.

Esteri akaniambia Reverien alizinunua Mwanza, katikati ya Januari, alipompeleka Mama kutazamwa macho.

Hesabu mwenyewe, dada. Ile mara ya tatu alipokuja gereji, kulabu zilikuwa tayari ndani ya gari, chini ya kiti. Hakuja kuniuliza. Alikuja nizifunge. Niliposema yale ya hereni mbele ya watu, akaona akizitoa ataniaibisha kwenye gereji yangu mwenyewe. Akacheka, akaondoka nazo. Nyumbani akamwambia mke wake, "Ndiho amesema zilizopo zinatosha. Yeye ndiye fundi." Akaziweka chini ya kitanda.

Kwa hiyo Esteri alijua. Alijua siku ya maziko, alijua kila nilipokwenda kumjulia hali akanipikia, akaninawisha mikono, akanipa finyango kubwa. Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema ili iweje, shemeji?" akanijibu. "Una mdomo. Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe."

Nikalia, dada. Nililia kama Josué. Kisha nikamwambia nitazipeleka kwa fundi mwingine, yuko mmoja Kibondo, mtu makini kuliko mimi. Akatikisa kichwa.

"Oya, hapana. Utazifunga wewe. Akizifunga mwingine, wanangu hawatapanda gari hilo."

Nimezifunga jana. Nilianza asubuhi kwa kung'oa kitanzi cha kushoto kilichobaki. Bolti yake ilikuwa imekula kutu, nikaimwagia mafuta ya taa nikangoja mpaka saa sita. Kilipotoka nikakishika: unene wa kidole changu cha mwisho. Nimekiweka ndani ya kifurushi hiki kinacholeta barua, kwenye kopo la majani ya chai. Uliniuliza ni nini kilikatika. Ni pacha wa hicho. Kishike uone kilivyo chepesi.

Upande wa kulia chesisi ilikuwa imechanika kidogo palipong'oka. Nilikata bamba la chuma nikalilaza kwa ndani, ili bolti zipate pa kung'ang'ania. Sikuchomelea kulabu, maana moto huzilegeza. Nilikaza kila bolti kwa spana ndefu mpaka ikagoma kusogea, nikapumzika, nikarudia. Kazi ya saa mbili, dada, na chai katikati. Ndicho kitu nilichomnyima kaka yangu.

Kisha nikamwita Khamisi na lori lake. Hakutaka, nikamwendea mara mbili. Alikuja na waya uleule. Tulishusha Prado kutoka juu ya matofali, tukaisukuma mpaka kwenye shimo la udongo wa matofali na kuizamisha kwa makusudi, Niyomwungere akiwa kwenye usukani. Esteri aliwapeleka watoto na majirani mbali, akahesabu vichwa. Mimi nikaenda kusimama kando ya mlango wa lori. Esteri alipoona hivyo alipiga kelele, akaja akanivuta kwa shati mpaka walipo wengine. "Mmoja anatosha," alisema.

Khamisi akatoa ishara kwa honi. Waya ukakazika, gari likatikisika, likatoka. Kulabu hazikusogea hata unywele. Khamisi alizima injini akakaa ndani ya lori kwa muda mrefu, kichwa juu ya usukani.

Mama alikuwa amekaa kizingitini. Aliomba apelekwe kwenye gari, akapapasa kulabu zote mbili, akauliza ni nani aliyenunua vitu vizuri namna hii. Esteri akanitazama. Nikasema ni Reverien. Mama akatabasamu akasema, "Mwanangu alikuwa na akili." Zaidi ya hapo sikuweza. Mama hajui, Dada Vestina, na sitaki afe akinishukuru kwa kulitunza gari la mwanawe. Nataka nimwambie kabla ya siku ya kuganduka, nisikae kwenye mkeka wa kilio nikiwa na hili moyoni. Lakini nataka uwepo. Nikishindwa kusema, uniambie sema.

Nisalimie shemeji na wanangu wote wa huko. Mwambie Eugénie kitambaa alichomshonea bibi yake kimemkaa vizuri, hataki kukivua hata kifuliwe. Esteri anakusalimu, Prudence anakusalimu, Baba mdogo Leonidasi anasema usisahau tumbaku yake. Mungu akulinde njia nzima, awape madereva wako macho, na akutulize moyo utakapomaliza kusoma haya.

Ukifika stendi ya Kasulu tarehe 12, gari la Reverien litakuwa linakungoja; Esteri amekubali litoke mara hiyo moja kabla ya kuganduka, kwa ajili yako tu. Niyomwungere ataendesha. Kabla hujapanda, inama mbele uzitazame kulabu, uzishike, uzivute ukitaka. Na kama utaona huwezi kupanda gari lililopita mikononi mwangu, usiseme kitu. Nipe tu begi lako, nitalibeba, twende nyumbani kwa miguu.

Mdogo wako akupendaye,

Ndihokubwayo