Mafuta ya Nazi Kwenye Vali

Jecha, nakuandikia kwa penseli, gari la Mtambile la kuibeba barua hii lishawashwa. Leo nimeaibika kiwandani mbele ya mashehe waliokuja kukiombea dua.

Ile vali ya umeme ya mashine ya barafu unaijua. Ukiwasha, koili inakuwa sumaku, inanyanyua pini ya chuma, maji yanapita. Ukizima, springi inaishusha pini, maji yanakatika. Inalia ta. Basi.

Asubuhi pini ilikuwa nzito. Nikaipaka mafuta ya nazi ya mke wangu Mwanawema, yale ya nywele, yenye asumini. Barafu ya kwanza ikatoka safi.

Dua ikasomwa. Tajiri wangu, Mzee Mbarouk, akasema, "Soud, zima." Nikazima. Hakuna ta. Maji yanakuja tu. Nikazima tena, Jecha, kitu kilichokwisha zimwa. Mashehe wamekunja kanzu hadi magotini.

Nikafunga bomba kubwa kwa mkono, nikaifungua vali. Mafuta yameganda kwa baridi, meupe, yameing'ang'ania pini juu. Springi haikufua dafu.

Mzee akainusa pini. Nikajua kazi sina.

Kumbe shehe mmoja keshaonja sharubati iliyotiwa barafu ile ya kwanza. "Barafu hii yanukia. Mwatia nini?"

Mzee akanigeukia polepole. "Kesho mkeo atupe maua ya asumini. Mafuta abaki nayo kichwani."

Na Mwanawema bado anaitafuta chupa yake.