Chini ya Meza ya Mwalimu

Mosul, 3 Aprili 2026

Mjomba wangu,

Asalaam aleikum. Hamjambo huko kijijini? Mgongo wako unaendeleaje, na mke wa mjomba, na kondoo? Mimi ni mzima, angalau wa mwili.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Jumatatu nilikuwa nafundisha hesabu kwenye shule niliyopangiwa mazoezi ya ualimu. Upepo ukaubamiza mlango. Nilipojitambua nilikuwa chini ya meza, chaki mkononi, wanafunzi wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na msimamizi kutoka chuoni alikuwa ameketi nyuma! Anarudi tarehe ishirini na saba. Likitokea tena, cheti sipati.

Unajua mlango ninaousikia. Tulikuwa tumejificha kwenye chumba cha chini ya nyumba, baba akapanda kututafutia maji, bomu likaubamiza mlango, hakurudi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nafikiria kuacha ualimu, nikakae kwenye ghala la rafiki yangu nihesabu magunia peke yangu.

Mwanao,
Sinan

Kijijini, 8 Aprili

Sinan, baba,

Waaleikum salaam. Mgongo unauma, kondoo wananona, mke wa mjomba wako anauliza unakula nini huko.

Sasa nisikilize. Ghala? Ghala! Nilikulea uje kulinda mchele wa watu? Mabomu tuliyasikia sote. Mwanamume anajikaza, basi. Kondoo wa sherehe yako nimeshamtenga, yule mweusi mwenye kiburi. Mwanangu Fahd na wenzake wamesafisha bunduki. Siku ukifuzu watafyatua hewani mpaka huko Mosul wajue ukoo wetu umetoa mwalimu. Acha mambo ya kitoto.

Mjomba wako,
Abu Fahd

Mosul, 11 Aprili

Mjomba,

Salaam kwenu nyote. Sijambo, usingizi tu ndio haupo.

Bunduki, mjomba? Barua yangu uliisoma, au uliangalia bahasha tu? Ikifyatuliwa hata risasi moja, siji. Mleni kondoo wenu bila mimi. Umenilea vizuri, sikatai. Lakini hujaniuliza hata siku moja nilisikia nini mle chini. Nimeshamwambia mwenye ghala aniwekee nafasi.

Sinan

Kijijini, 24 Aprili

Sinan, mwanangu,

Salaam. Habari za mgongo usiniulize.

Nilinyamaza kwa hasira. Umeniandikia jina tupu, hata "mwanao" hukuweka.

Jana jirani yetu alikuwa na harusi ya mwanawe. Vijana wakafyatua bunduki karibu na sikio langu. Nilipojitambua nilikuwa chini ya meza ya chakula. Mimi, Abu Fahd, na masharubu yangu haya, wali umejaa ndevuni! Hakuna aliyethubutu kucheka. Nikakaa huko chini kidogo nikikufikiria, nikalia, baba. Huo mgongo ninaousingizia kila usiku ninapokosa usingizi, wala si mgongo.

Bunduki za Fahd nimezifungia sandukuni. Ufunguo anao mke wa mjomba wako, na huyo unamjua. Barua hii nimempa dereva wa teksi akufikishie leo leo. Nenda darasani Jumatatu, tafadhali. Kisha niambie ulisikia nini. Hata kwa simu, sitakukatiza.

Mjomba wako

Mosul, 28 Aprili

Mjomba wangu kipenzi,

Asalaam aleikum. Nimelala usingizi jana, mwambie mke wa mjomba, na nimekula pia.

Niwie radhi, nimekusengenya. Msimamizi alipoketi nyuma, niliwaambia wanafunzi kwamba mlango ukibamizwa mimi hujificha. Nikawaambia kwamba na mjomba wangu, mtu anayeogopwa hata na mbwa, juzi alikuwa chini ya meza na wali ndevuni. Wakacheka, nami nikacheka. Nikageukia ubao. Basi si mlango ukabamizwa kweli!

Nilijikuta nimepiga magoti, chaki imevunjika. Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Nikainua macho: karibu nusu ya darasa walikuwa chini ya madawati. Msimamizi alikuwa amejibana ukutani, kalamu kaikumbatia kifuani.

Nikasema, "Haya, ni upepo. Tutoke."

Tukatoka mmoja mmoja, tukamalizia pembetatu zetu.

Msimamizi ametia sahihi. Mwenye ghala nimemwambia atafute mtu mwingine. Yule kondoo mweusi aanze kuaga wenzake. Nakuja Ijumaa. Andaa chai, nina maneno mengi.

Mwanao,
Sinan