Immaculate wa Aya ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Stima zimerudi saa nne. Nimepost haraka kabla zipotee tena. Ni ile habari ya ploti moja Kawangware, upande wa kuelekea Satellite — mifereji imekauka wiki tatu na landlord hashiki simu. Nimeitoa kwa gazeti la Upeo wa Jiji, la jana. Karibu yote nimeibadilisha kwa maneno yangu, isipokuwa aya ya tatu. Hiyo ilikuwa tamu sana. Kuna mama wa kufua, Immaculate Kageha, anasema: "Nafulia watu nguo zao zinang'aa, na mimi nalala na jasho la juzi." Ukigusa hapo unaharibu. Nikaiacha neno kwa neno. Gazeti limesema "aliambia Upeo wa Jiji". Mimi nikaweka "aliniambia".

Kawangware sijaenda. Mvua, matope, na hii cyber, kaduka ketu ka intaneti, ningeachia nani? Oyoo angeenda. Kaka yangu ndiye alianzisha hii blogu, na miaka miwili baada ya kumzika bado inaitwa Oyoo wa Mtaa. Angevaa gumboots atoke hapa mtaani Olympic mpaka huko kwa miguu, asimame na huyo mama mpaka amalize kuongea. Basi, mimi si Oyoo.

Maoni tisini na sita kufikia jioni. Wote wanamhurumia Immaculate.

Jumatano, 5 Machi

Barua pepe kutoka Upeo wa Jiji. Imeandikwa na mtu wao wa sheria, Angeline fulani. Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaketi.

Wanasema nimeiba. Na ushahidi wao ni Immaculate mwenyewe — hakuna mtu kama huyo. Ati kila habari wanatia kitu kimoja cha kubuni, jina ama maneno, ndio wanase wanaonakili bila kuenda. Mtego. Na mimi mjinga nimeandika aliniambia!

Wametuma karatasi. "Nakiri kwamba Immaculate Kageha hayupo na hajawahi kuwepo." Nisaini, niiweke kwa blogu, mwisho ni Ijumaa ya tarehe 14, saa kumi na moja jioni. Nikikataa, wataambia kampuni inayotuwekea blogu waifunge. Yote, na ya Oyoo ndani.

Ken, tunayefanya naye kazi hapa cyber, amenieleza polepole vile mtu hueleza mgonjwa. Habari haina mwenyewe, maji yakikatika Kawangware hata wewe andika. Maneno ndiyo yana mwenyewe. Unaruhusiwa kuchukua mistari kidogo, uweke alama za kunukuu, useme umetoa wapi. "Ungesema tu 'kwa mujibu wa', hakuna mtu angekugusa." Nikamuuliza, na mtu ambaye hayupo? Akasema huyo si habari. Huyo ni maneno, kwa hivyo huyo ni mali yao.

Nimejaribu kuhamisha posti za Oyoo kwa flash. Posti zimekuja, maoni yamekataa. Na ni kwa maoni ndiko Oyoo ako — anajibu watu mmoja mmoja, anawatania, anawaita wakwe. Nimelia kidogo. Jamaa aliyekuwa anaprint CV alijifanya haoni.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui hata nianzie wapi.

Saa saba mchana, jua kali, mama mmoja ameingia cyber na karai. Mwembamba, kitambaa kichwani. Ameketi kwa benchi ya wateja, ameniangalia, akasema, "Ni wewe nilikuambia."

Nikamuuliza, uliniambia nini, mathe?

"Nafulia watu nguo zao zinang'aa, na mimi nalala na jasho la juzi."

Hakuisema kama mtu amekariri. Aliisema kama mtu amechoka kuirudia.

Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, vyeupe kwa ncha, vya mtu ametoa mkono majini sasa hivi. Lakini karai lilikuwa kavu. Lilikuwa na vumbi.

Ken akamuuliza lile swali kila mtu huulizwa Nairobi: home ni wapi? Mtu anaweza kukuficha mshahara na ugonjwa, lakini hilo hujibu kabla umalize kuuliza. Kageha ni jina la Maragoli, nilingoja aseme Mbale, ama Chavakali, ama hata kijiji sijawahi kusikia. Alicheka kidogo. Halafu akanigeukia mimi, kama ni mimi nilikuwa nimeulizwa.

Alipoenda nilicheka mpaka Ken akashtuka. Si ako? Kama ako, ni habari. Na kama ni habari, haina mwenyewe. Wacha Angeline aje sasa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia aliyeandika ile habari. Kitheka. Nikamwambia mtu wake alikuja kwangu jana.

Alicheka. Akasema Immaculate alimbuni akiwa kwa dawati lake, jina moja la mwalimu wake wa shule ya msingi, lingine la jirani. Hata kwa hiyo ploti hajakanyaga, maneno ya maji alipata kwa simu. Nikamwambia basi nitakuelezea vile anaonekana. Kitambaa, karai, sawa, akasema, kila mama wa kufua ako hivyo. Nikamwambia vidole.

Nilisikia watu wakiongea nyuma yake ofisini.

Akaniuliza hiyo ya vidole nimeitoa wapi. Ati alikuwa ameiandika, mstari mzima, vidole vimekunjamana na ncha nyeupe, mhariri akaikata kwa sababu nafasi haikutosha. Haikuchapishwa popote. Akaniomba nisimpigie tena. Hakusema kwa hasira. Aliomba kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeenda Kawangware. Wiki moja nimechelewa, lakini nimeenda.

Ploti ni ya mabati, milango kumi na miwili, mifereji miwili katikati na yote kavu. Anayeisimamia ni mama wa makamo, Gathoni, mkali kidogo. Nikamuuliza kama kuna Immaculate hapa. Akasema yule wa nguo? Ako namba saba. Nikauliza alihamia lini.

"Jumatatu iliyopita, kama saa nne hivi. Hakuwa na godoro, hakuwa na jiko. Alikuwa na karai tu."

Saa nne. Gazeti lilitoka Jumapili na hakuja. Alikuja nilipopost.

Kamba ya nguo imetoka mlango wa saba mpaka ukutani, imejaa. Mashati, shuka, sare za shule. Zote zinadondosha maji. Nikamuuliza Gathoni maji anatoa wapi. Akasema yeye mwenyewe aliuliza, mara moja, na hataki kuuliza tena. Na hizo nguo ni za nani? Akasema hajaona mtu akileta, na hajaona mtu akichukua.

Mlango wa saba ulikuwa wazi. Ameketi chini, mgongo umeniangalia, anasugua. Nilisikia maji. Sikuingia. Naandika hapa ukweli kwa sababu hakuna wa kusoma: niliogopa, nikarudi nikikimbia mpaka barabarani kama mtoto.

Jumatano, 12 Machi

Ken anasema rahisi tu, tupige picha yake na kitambulisho, tumtumie Angeline, mambo kwisha. Leo Immaculate amekuja tena, saa ile ile, benchi ile ile. Nikamwomba kitambulisho. Hana. Cheti cha kuzaliwa? Hana. Namba ya mtoto, ya dada, ya mtu yeyote anamjua? Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye nimepotea.

Akasema yule mwingine, wa gazeti, alimwandikia jina na maji, akaacha hapo. "Wewe uliandika tulisimama tukaongea. Sasa niandikie home. Niandikie na watoto, hata wawili."

Ken ameenda nje akakaa huko.

Nimefikiria siku nzima. Kwa ile aya yote, neno langu lilikuwa moja tu. Aliniambia. Mengine yote niliiba. Na hilo moja langu ndilo lilikuwa uongo, na sasa si uongo tena.

Alhamisi, 13 Machi

Nimesoma maoni ya Oyoo tangu asubuhi. Mtu alimuuliza 2021 kwa nini anaandika mambo ya watu wadogo. Akajibu: ndio wajue wameonekana, mkwe.

Sijala.

Ijumaa, 14 Machi

Saa kumi na nusu. Karatasi iko mbele yangu. Ken ameshaprint, ameweka scanner tayari, anasema ni sahihi tu, Awiti, ni wino tu. Anaongea bila kuangalia benchi.

Immaculate alifika saa tisa. Leo amekuja bila karai. Amevaa nguo safi, amejipaka mafuta, amevaa vile watu huvaa siku ya kusafiri. Ananiona nikiandika hapa na anadhani ni ile kazi yake. Kila nikigeuza ukurasa anatabasamu. Kusoma hajui. Ama hakuandikiwa kusoma, sijui tena tofauti.

Ken amesema kumi na moja kasorobo.

Nikisaini, Oyoo anabaki na huyu anaenda. Nisiposaini, Oyoo anaenda, na huyu anabaki na jina na maji. Nimejaribu kufikiria kijiji, nimwekee hata mto mdogo, mwembe hapana, miti ya mikaratusi. Kila kitu kinachokuja nimekisoma mahali.

Nimechukua karatasi yao. Kwa mstari wa sahihi nimeweka A ya Awiti.

Amesogea karibu, vidole vyake vinalowesha ukingo wa meza. Ameangalia ile herufi muda mrefu. Ameuliza kama hapo ndipo nyumbani.

Nimesema ndiyo.

Anasema niandike polepole, nisisahau watoto. Ken anasema zimebaki dakika tano.