Barua Zinazojituma Zenyewe

Jumatatu, 12 Mei

Nasri kaamka kabla ya adhana. Nimemnyonyesha nimekaa, jicho moja kwenye simu. Wateja wanataka mchoro wa kukatia gauni la marinda. Natuma mmoja mmoja. Andika jina, ambatanisha, tuma. Andika jina, ambatanisha, tuma. Fundi cherehani wa Masasi nimemtumia suruali badala ya gauni. Karudisha jibu: "Dada, hii ina miguu miwili, bibi harusi wangu anataka kupepea." Nimecheka. Halafu nikalia. Sijui nalia nini. Usingizi tu.

Ufuta umeanza kuvunwa. Wakulima wakishauza, zinafuata harusi na ngoma za jando na unyago, kila fundi atataka michoro. Mwaka jana msimu kama huu nilikuwa na mimba, nikamudu. Mwaka huu mtoto yuko nje na ana sauti.

Nisipopata kitu cha kunisaidia kutuma hizi barua pepe kabla ngoma hazijaanza, biashara naiacha. Sisemi kwa hasira. Mwili umegoma.

Jumatano, 14 Mei

Nimeshinda nikitafuta mifumo ya kutuma barua pepe. Iko mingi kama kumbikumbi. Yote kazi yake moja: unaweka majina ya wateja, unaandika barua moja, mfumo unampelekea kila mtu na jina lake juu. Nimebaki na mitatu.

Wa kwanza mzuri, picha nyingi, lakini unataka kadi ya benki kabla hujaonja. Sina. Nimeuacha.

Wa pili bure kwa wateja wachache kama wangu. Huu una barua zinazojituma zenyewe. Mteja mpya anakaribishwa, mteja aliyenyamaza anaitwa, mimi sigusi kitu.

Wa tatu mkavu. Hauna mapambo wala hizo barua za kujituma. Unaandika, unabonyeza, basi. Rangi yake kama ukuta wa zahanati.

Yote inataka anwani ya mahali, ikae chini ya kila barua. Hapa Nachingwea namba ya nyumba ipi? Kibao chetu kilianguka na mvua, mwenye nyumba kakifanya kifuniko cha mtungi. Nimekwenda kukifuta nikasoma namba, mama mwenye nyumba ananiangalia kama nimeingiwa na kitu.

Baba Nasri kapiga kutoka Ruangwa. Yuko huko kwenye ujenzi, anarudi Jumamosi. Nikamsimulia habari za mifumo. Akasema, "Mama Nasri, si uache tu mpaka mtoto akue?" Nikamwambia, atakua akila nini? Akaaga. Nilisema kwa ukali. Neno lenyewe silirudishi.

Ijumaa, 16 Mei

Nimechukua wa pili. Sababu ni zile barua zinazojituma. Sina sababu nyingine. Nataka kitu kinachofanya kazi wakati mimi nimelala.

Kuingiza majina na tarehe ya mwisho ya kila mtu kununua kumekula asubuhi yote. Mafundi wangu wengi wa vijijini hawana imeili, wanatumia ya steshenari. Bi Somoe wa Malolo ndiye aliyeanzisha mtindo huu. Ni mteja wangu wa kwanza kabisa. Ndiye aliyenivutia mafundi wa Matambarale na karibu wote wa wilaya ya Ruangwa. Hajawahi kuiona barua yangu kwenye kioo cha simu. Inaingia steshenari ya Ruangwa mjini. Dada wa pale akiona jina la Bi Somoe tu, anachapa, anatia kwenye bahasha, anampa bodaboda. Bi Somoe anaunganisha zile karatasi kwa gundi ya unga wa muhogo, anaweka juu ya kitambaa, anakata. Hajawahi kuharibu mchoro wangu hata mmoja.

Barua za mfumo zilikuja zimeshaandikwa. Nimezigeuza Kiswahili tu. Ile ya mteja aliyenyamaza nimeiona ya upole. Miezi mitatu bila kununua, inakwenda yenyewe. Nikawasha, kitufe kikawa kijani. Nasri alikuwa analia, sikuisoma mara ya pili.

Jumapili, 18 Mei

Nimelala mchana. Mimi. Kwenye kitanda, mlango umefungwa.

Nimeamka, mfumo umeshatuma barua zake na oda nne zimeingia. Wateja waliokuwa wamepotea. Baba Nasri kaangalia simu yangu akasema, "Kumbe umeajiri karani." Akarudi Ruangwa jioni anacheka peke yake.

Nimefurahi. Naandika ili nisisahau kwamba nilifurahi.

Jumatatu, 19 Mei

Zaituni kapiga. Binti yake Bi Somoe.

Bi Somoe amefariki. Jumamosi, presha. Wakamzika siku hiyo hiyo. Sikujua. Hakuna aliyenipigia, na kwa nini wanipigie, mimi ni jina tu juu ya karatasi.

Barua ya mfumo ilikwenda jana. Leo asubuhi dada wa steshenari kafungua kazi, kaona jina la Bi Somoe, kachapa kama kawaida yake, bahasha, bodaboda. Ilifika Malolo watu wamekaa kwenye hitma ya siku ya tatu. Mzee Hamisi, kaka wa marehemu, akaona bahasha imeletwa na bodaboda kutoka mjini, akadhani ni rambirambi. Akanyamazisha watu. Akasimama akaisoma kwa sauti.

"Bi Somoe, umepotea! Tumekukosa. Umetuacha kwa nini? Rudi, zawadi yako inakusubiri." Akaendelea mpaka chini kabisa. "Kama hutaki tena kupokea habari zetu, jiondoe hapa."

Na jina langu. Na namba ya nyumba.

Zaituni hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Mjomba anasema aliyeandika aje aeleze." Kisha akasema, "Mafundi wa huku wote walikuwepo, Mama Nasri."

Nimezima kila kilichokuwa kijani. Nimechelewa.

Jumanne, 20 Mei, alfajiri

Baba Nasri anasema nitume ujumbe na kitu kidogo cha rambirambi, yaishe. Nimekataa. Mtu amesomewa hivyo mbele ya ndugu zake, halafu mimi nijifiche nyuma ya simu? Nakwenda Malolo na mtoto wangu mgongoni. Wakinifukuza, watanifukuza wakiniona.

Nikifukuzwa biashara imekufa. Hilo nalijua. Na bado siyo lililoninyima usingizi. Ni yule mama, Bi Somoe.

Jumatano, 21 Mei

Nimerudi. Nimelala saa nyingi. Niandike kabla sijachanganya.

Baba Nasri alinisubiri stendi ya Ruangwa na nguo za kazi, saruji mpaka kwenye kope. Akataka tufuatane. Nikamwambia rudi kazini, niliyeandika ni mimi. Akamkaza Nasri vizuri mgongoni kwangu, akaniitia bodaboda.

Pale msibani wanawake walikuwa wanachambua mchele. Nilipotoa salamu na kusema jina, nyungo zikasimama. Zaituni akanyanyuka akanishika mkono. Akanipeleka kwa mjomba wake.

Mzee Hamisi alikuwa na ile karatasi kwenye mfuko wa koti. Nikaiona imechungulia. Akasema, "Wewe ndiye uliyemwita dada yangu arudi?"

Nikasema ndiyo, ni mimi. Njia nzima nilijipanga kusema ni mfumo, ni mashine, mimi sikujua. Nilipofika mbele yake sikuweza. Ningemwambiaje mfiwa habari za kitufe? Nikasema nimekosa, sikujua kama ametutoka, nisamehe.

Akauliza mimi mtoto wa nani. Mama yangu wa ukoo gani. Nikautaja.

Nyuma yangu mtu akapiga paja. Bibi mmoja, Bi Chiku, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni, kashika ungo. "Mtani huyo! Hamisi, mtani wa mazikoni huyo! Unamhoji nini?"

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau. Ukoo wa mama na ukoo wao wamezikana tangu mababu. Mtani akisema neno msibani halina kesi, hata liwe baya vipi. Analipa faini, basi. Mama alikuwa akituambia, nasi tuliona mambo ya wazee.

Wanawake wakaanza.

"Umemwita arudi, nauli ulimtumia?"

"Zawadi iko wapi? Sisi ndio wapokeaji!"

"Eti ajiondoe! Mwenzio kajiondoa Jumamosi, hakungoja barua!"

"Uandike nyingine, umwambie alivyoondoka na mkasi wangu!"

Zaituni alicheka huku machozi yanamtiririka, akaegemea ukuta akaendelea kulia. Kilio kizuri, cha kutoka chini. Nikalia naye.

Bi Chiku akaninyang'anya simu, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Hii nayo ikae eda. Umbea wake umezidi." Faini yangu ikawa sufuria za hitma. Zilikuwa kubwa, zimeungua chini. Nimesugua kwa majivu na mchanga mpaka kucha zikauma. Nasri sikumwona tena, alikuwa anapita mikono kwa mikono. Nilipomaliza mtu akanitandikia mkeka kati ya wanawake, akanirushia kanga. Nililala bila simu, bila kusikia mlio wa oda. Mtoto aliletwa kunyonya, akachukuliwa.

Mzee Hamisi hakucheka hata mara moja. Usiku nilimsimulia Zaituni habari za mfumo, jinsi unavyotuma wenyewe, naye akamweleza. Nilipokuwa naaga alitoa karatasi mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akasema, "Wewe umeokolewa na utani. Hiyo mashine yako mtani wake nani?"

Nikamfunga Nasri mgongoni.

Bi Chiku kanirudishia simu. Eda imekwisha mapema, anasema, ni mjane wa siku hizi.

Ijumaa, 23 Mei

Nimefuta akaunti ya mfumo wa pili. Ukauliza kama nina uhakika. Ukauliza tena. Ukaniambia utanikosa. Nimeufungia kabisa.

Nimehamia ule mkavu. Hautumi mpaka nibonyeze mimi. Kazi itakuwa nyingi zaidi, sijidanganyi. Lakini ile ya kutuma mchoro kwa mmoja mmoja imekwisha. Barua moja, mara moja kwa wiki, Ijumaa asubuhi nikishamwogesha mtoto. Na kabla sijabonyeza nawapigia madada wa steshenari, Ruangwa na hapa Nachingwea. Baada ya ile bahasha, wao wanawauliza kwanza bodaboda nani anaumwa, nani amefiwa, nani amesafiri. Wanaona watu kwa macho.

Jina la Bi Somoe lilinishinda kufuta. Nikamuuliza Zaituni. Akajibu, "Toa lake, weka langu, cherehani yake nashonea mimi sasa. Steshenari ile ile." Nimefuta.

Jumamosi, 24 Mei

Baba Nasri kaja. Nimemwambia mambo mawili. Biashara siachi. Na kila Jumamosi Nasri ni wake, tangu alfajiri mpaka adhuhuri, mimi nalala.

Akauliza, "Na akilia?"

Nikamwambia, akilia utamsikia.

Kaniangalia kama anataka kubisha, kisha akamchukua. Nimewasikia nje wakizunguka nyumba, yeye akimwimbia wimbo wa kubeba tofali. Si wimbo wa mtoto. Mtoto kalala nao.

Nampenda huyu mwanaume. Ananichosha lakini nampenda.

Ijumaa, 30 Mei

Barua ya kwanza kwa mfumo mpya imekwenda asubuhi. Fupi. Salamu, michoro miwili mipya, jinsi ya kuipata. Sikumwambia mtu yeyote kwamba tumemkosa.

Kabla ya hapo niliwapigia steshenari. Dada wa Ruangwa alianza kwa kuniomba radhi tena kwa ile bahasha, nikamwambia kosa lilikuwa langu. Akasema wote wazima, ila fundi mmoja wa Matambarale yuko hospitali na mtoto. Huyo nimemwacha wiki hii. Nikampigia kwa sauti yangu, nikamuuliza hali ya mtoto. Anaendelea vizuri.

Mpaka adhuhuri oda mbili tu. Ule mwingine ulileta nne. Msimu huu labda tutakula kwa kubana. Tutakula.

Alasiri imeingia ya tatu. Kutoka Malolo, kupitia steshenari. Zaituni anaomba mchoro wa kanzu ya mtoto wa miaka miwili. Hakuandika kingine.

Mchoro huo ninao tayari. Nasri amelala kifuani, mdomo wazi, jasho kwenye nywele. Nikinyanyuka ataamka.

Nitautuma kesho.