Jogoo Ofisini kwa Kanali

Shoga, acha unachofanya. ACHA. Nimejifungia stoo ya kompyuta, nacheka peke yangu kama mwehu.

Wewe si unanitania kwamba kazi yangu jeshini ni ya kwenye sinema, kuwinda wadukuzi? Kutwa nafungulia watu waliosahau paswedi! Ila leo makao makuu wamenituma kwa siri nidondoshe flashi kwenye maegesho, tuone nani ataiokota na kuichomeka kwenye kompyuta ya jeshi. Juu yake nikaandika WATAKAOPANDISHWA VYEO. Ndani nikaweka mlio wa jogoo tu.

Sasa niko kwa sekretari wa kanali, natoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Mara, kutoka ndani kwa kanali:

KOKORIKOOO!

Kanali! Yule yule anayetupigia kelele kila gwaride, "Cha kuokota hakichomekwi!"

Sekretari ananiuliza, "Mzee kaanza kufuga?"

Jogoo hanyamazi. Mlango ukafunguka.

"Koplo! Ingia!"

Shoga, nikajua leo unga umemwagika. Nikamfikiria mama, alivyoutangazia ukoo mzima kwamba mwanawe analinda nchi.

Nikaingia, nikazima jogoo. Nikasema, "Afande, ni jaribio la makao makuu. Humo hamna kitu."

Kanali kaenda kufunga mlango. Karudi, kaniinamia, sauti ya chini kabisa:

"Hamna kabisa, Koplo? Hata majina mawili matatu?"