Kuhusu Wavu wa Nywele wa Mke Wangu

Kalemie, Jumapili baada ya ibada

Kwako Papa, huko Manono,

Kwa heshima zote zinazokustahili, nakusalimu pamoja na Mama, nikitumaini kwamba goti lako limepoa na unatembea bila fimbo. Sisi tu wazima. Kusudi la barua hii ni moja: wavu wa nywele wa mke wangu, Mama Odette, ambao umeagiza asiuvae kwenye arusi ya mdogo wangu.

Papa, huo si wavu wa kuvulia. Bibi yake aliufuma kwa mkono, fundo kwa fundo, alipokuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi hapa Kalemie, ambako mwanamke aliyeacha nywele wazi angeweza kuvutwa na mashine. Kiwanda kilipofungwa, wanawake hawakuzivua nyavu zao. Walizivaa wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani, siku za upepo wa ziwa, hata matangani, chini ya kitambaa cheusi. Leo mke wangu anauvaa akikanda mikate, na hakuna mteja aliyewahi kukuta unywele ndani ya mkate wake.

Mwaka jana tulipokuja kwenu, aliuvua ili aoge. Aliporudi, Shangazi alikuwa ameujaza vitunguu na kuutundika jikoni.

— Mama, ile njo ya kichwa yangu, alisema mke wangu, yaani wavu ule ndio wa kichwa chake.

— Kwani bitunguu habina kichwa? akajibu Shangazi. Weye muke wa ziwa, umetuletea wavu, samaki iko wapi?

Watu wote wakacheka. Nami, nakiri hapa kwa maandishi, nilicheka pia. Mke wangu alivitoa vitunguu kimoja kimoja, akaufua wavu mara tatu.

Kosa hilo sitalirudia. Sitamwambia auvue, wala sitakubali mtu mwingine amwambie. Anayeona aibu atazame pembeni. Nayasema haya nikiwa mwanao, si mpinzani wako, lakini nayasema.

Umsalimie Mama, na mdogo wangu, bwana arusi. Umsalimie Shangazi pia. Simchukii, ila anadaiwa neno la msamaha.

Kwa hiyo, Papa, naomba uamuzi ulio wazi: mke wangu atapokelewa akiwa na wavu wake kichwani, au sisi wawili tusije?

Ni mimi mwanao mtiifu katika mengine yote,

Ferdinand