Sindano ya Kumbebea Solofo

Antsirabe, mwezi wa nane

Wifi yangu Bakoly,

Mpunga tumeshavuna, na paa la jikoni bado linavuja. Umeniuliza shingo. Miaka ishirini ya matofali kichwani ilinifikisha mahali hata kugeuka siwezi, basi mwezi jana nikachomwa sindano ya steroidi shingoni. Daktari akasema, "Mama, hii inatuliza tu. Usibebe kitu." Nikaitikia, huku moyoni nahesabu siku zilizobaki tumtoe marehemu kaka yako Solofo kaburini, tumvishe sanda mpya ya hariri na kucheza naye mabegani, kama desturi yetu kwa wafu wetu.

Siku ilipofika, shemeji zangu walinizuia. "Wewe kaa upige makofi. Hiyo shingo ni ya kuazima."

Nikawaambia, "Nimebeba matofali ya watu, nitashindwa na mume wangu?"

Walipomtoa nikaingiza bega chini yake, tukacheza naye kulizunguka kaburi mara saba.

Shingo haikuuma, wifi. Mwenzio niliogopa bure. Solofo, yule aliyekuwa akiingia anajaza mlango, alikuwa mwepesi kuliko matofali kumi. Hata bila sindano ningembeba peke yangu.

Mimi wifi yako,
Noro